Injini Sebuleni kwa Mjomba Mfaume

Mke wa mjomba wangu alizikwa Kitaya mwezi uliopita, na sasa amebaki mtu mmoja tu anayejua ilikuwaje ile injini, naye ni mimi. Siku ya tatu ya msiba, wanawake wakikusanya masufuria uani, niliingia sebuleni kutafuta viatu vyangu nikaliona pale sakafuni, chini ya mkeka uliokunjwa, doa jeusi la ukubwa wa sinia. Wamelisugua kwa sabuni, wamelisugua kwa majivu, mwaka mmoja wakapiga saruji mpya juu yake, na saruji nayo ikaunywa ule weusi. Zuhura, binti wa nyumba hiyo, alinikuta nimesimama hapo akasema, "Dada Somoe, hilo doa lina ukaidi wa baba." Nilikasirika, wala si kwa ajili yake. Ilikuwa hasira ileile niliyokuwa nayo mwaka mzima nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na nilishangaa kuikuta bado ina nguvu. Nina duka la vipuri mjini Mtwara sasa, nina wajukuu wawili, na bado nikiikumbuka injini ile naanza kukunja ngumi. Basi naandika, kwa kuwa hakuna tena wa kuniambia nisiseme.

Nilifika kwa mjomba mwezi wa sita. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, si ya kujivunia wala si ya kulia, na mimi nilitaka kitu kimoja tu, chuo cha ufundi, fani ya mitambo. Kwetu sisi neno la mtoto liko kwa kaka wa mama yake. Baba atakulisha na atakusomesha, lakini likija suala la uende wapi na uolewe na nani, watu wote wanauliza, "Mjomba wake amesemaje?" Mjomba Mfaume alinisikiliza mpaka mwisho huku akimega ugali wa muhogo na kuuchovya kwenye kisamvu, akalamba vidole, akanawa, ndipo akasema. "Trekta likiguruma kabla ya mvua, nitawalimia watu bonde, na kwa kazi hiyo utakwenda chuo. Lisipoguruma, kuna kijana wa Kilambo ameleta posa. Tutamjibu." Nilitaka kumwuliza kwa nini anayafunga maisha yangu kwenye chuma kilichokufa, lakini mjomba haulizwi hivyo. Naye kama aliyesikia akaongeza, "Si unataka ufundi, mpwa wangu? Basi anza."

Trekta lenyewe lilikuwa limeachwa bondeni mwaka wa mafuriko, mto ukapanda, maji yakalala juu ya injini siku nne. Tangu hapo lilikaa nyuma ya jiko miaka miwili, kuku wakitaga chini ya kiti. Tulipofungua tulikuta pistoni tatu, moja inacheza, mbili zimeshikwa na kutu kana kwamba zimechomelewa. Na kwa kuwa mwezi wa saba kila mtu anapulizia salfa mikorosho, na vumbi lile la njano linaingia hadi kwenye unga na kwenye masikio, mjomba aliamua kwamba injini iliyofunguliwa haiwezi kukaa nje. Wanaume wanne waliibeba kwa miti, wakaitua juu ya magogo mawili katikati ya sebule, pale ilipokuwa meza. Meza ikahamia chumbani kwangu. Kwa miezi mitano nilikuwa nikipanda kitandani kwa kupitia juu ya meza, na kila nilipojigonga goti nilimtaja mjomba moyoni kwa maneno ambayo sitayaandika.

Mkaza mjomba, yaani mke wake, hakumtaja moyoni. Ukuta kati ya chumba chao na changu ulikuwa wa miti na udongo, na nilikuwa nasikia kila kitu wakidhani nimelala mchana baada ya chakula. "Wageni nitawakalisha wapi, Baba Zuhura? Juu ya hicho?" Mjomba akakohoa. "Jana mke wa imamu amekuja, buibui lake limeshika grisi. Mke wa imamu!" Kisha sauti ya mjomba, pole pole kama anayehesabu, "Itatoka, mama. Kila kitu kikiingia kinatoka." Akasema mkaza mjomba, "Na huyu mtoto wa dada yako? Unamwambia habari za chuo na huku unagonga gonga kama kigogota. Mvua ikikukuta hujamaliza, utamwambia nini?" Nilitega sikio mpaka shingo ikauma. Mjomba akasema tu, "Ana mikono mizuri." Basi, hakuna la zaidi. Nilikaa na neno lile siku nzima, nikifurahi na kuudhika kwa pamoja, maana mikono mizuri isiyopewa nyundo ina faida gani?

Hakunipa nyundo. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuwa akimimina kikombe kimoja cha dizeli juu ya pistoni zilizoshikana, anakaa nusu saa na tasbihi yake, kisha anaweka kipande cha ubao wa mninga juu ya pistoni na kugonga mara kumi na mbili. Si mara kumi na tatu. Akimaliza anachungulia kwa tochi alama aliyoikwaruza kwa msumari ukutani mwa silinda, anaangalia dizeli imeshuka kiasi gani, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anakwenda shambani. "Imeshuka," ananiambia. "Kiasi gani, mjomba?" "Kiasi cha uzi." Mimi kazi yangu ilikuwa kusafisha boliti na kuzipanga kwenye makopo ya maziwa, kushika tochi, na kusikia kwamba subira yavuta heri. Subira haivuti pistoni, nilikuwa nikijibu kimoyomoyo. Nilijaribu kumweleza nilichokisoma, kwamba zipo dawa za kulegeza kutu, kwamba mjini kuna mafundi wenye mashine ya kusukumia pistoni. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu yote, kisha akanituma kuchota maji.

Mwezi wa nane alinituma Kilambo kwa baiskeli kutafuta gasketi kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivusha vipuri kutoka ng'ambo ya mto. Nilikwenda na kipimo cha kamba alichonipa mjomba, yeye haamini tepu. Nikarudi na gasketi ya matundu manne, sisi injini yetu ina matatu. Nikaenda tena, yule bwana kavuka, hayupo. Mara ya tatu nikapata ya matundu matatu, ina ufa. Na mara zote tatu nilipita mbele ya duka la yule kijana mwenye posa, mimi nina vumbi mpaka kwenye kope, gasketi nimeivaa begani, naye anatoka mlangoni ananisalimia kwa upole na kuniuliza kama nataka soda. Alikuwa mtu mwema, Mungu ambariki kokote aliko. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa amekaa mwisho wa njia ambayo sikuitaka. Gasketi hatimaye mjomba aliikata mwenyewe kwa karatasi ngumu na mkasi wa mkewe, siku tatu, akitoa ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa sahihi, maana nisiposema hilo nitakuwa nadanganya tena. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, siku nimeshika tochi huku nasinzia, kwenye pigo la saba mninga ulilia sauti nyingine. Pistoni ya kwanza ilikuwa imeshuka. Mjomba hakupiga la nane. Aliweka nyundo chini, akapangusa macho kwa kikoi, akamwita mkewe aje aone, na mkaza mjomba akaja na unga mikononi akasema, "Haya, imeshuka. Sasa ndiyo itatoka sebuleni kwangu?" Siku ile tulikula kuku. Ilibaki pistoni moja. Ningekuwa na akili ningehesabu tu: iliyotoka ilichukua muda gani, iliyobaki itachukua muda gani. Lakini mwezi wa kumi na moja uliingia, korosho zikawa zinaanguka, watu wanaanika, na mawingu yakaanza kupanda upande wa baharini kila alasiri. Bwana Issa, aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha bondeni, alipita kila Ijumaa baada ya sala kuuliza. Watu wake hawakuwa wamenoa majembe mwaka ule. Walikuwa wanamngoja mjomba.

Ndipo mjomba akafiwa na ndugu yake huko Madimba. Aliniita kabla ya kuondoka. "Siku tatu, mpwa wangu. Kikombe cha dizeli, mapigo kumi na mawili, basi. Nyundo hiyo hapo." Kwa mara ya kwanza nyundo ilikuwa yangu. Siku ya kwanza nilifanya kama alivyosema, nikachungulia alama, uzi. Siku ya pili uzi. Mchana wa siku hiyo ya pili nilikwenda kwa jirani yetu Bi Chiku kuomba moto, nikamkuta anakaanga korosho uani, moshi mzito, na chini ya kikaango anakinga yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda. Kwetu hakuna asiyeyajua. Wanaume hupaka kwenye nguzo na miimo ya milango, mchwa asiguse. Wavuvi hupaka mitumbwi. Yanachoma ngozi, kwa hiyo watoto hukatazwa kuyasogelea. Bi Chiku akasema, akisema habari za mlango wake tu, masikini, wala si za injini, "Haya mafuta, mwanangu, yanaingia hata kwenye mpingo." Nikamwomba chupa moja. Nikafikiri, kinachoingia kwenye mpingo kitashindwaje na kutu?

Nilimwaga chupa nzima. Kisha, kwa kuwa nilijua kitu cha moto hupenya kuliko cha baridi, nikapanga majiko mawili ya mkaa huku na huku ya ile injini, mkaza mjomba akiwa kisimani, nikakaa napepea. Mafuta yaliyeyuka, yakawa mepesi kama chai, na niliyaona kwa macho yangu yakizama pembeni ya pistoni, si uzi, bali kidole kizima. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu sebuleni. Vidole vilikuwa vinawasha lakini sikujali. Nikawaza mjomba atakavyorudi, atakavyogonga mara moja tu, nami nitasema kwa unyonge, "Nilijaribu kitu kidogo, mjomba." Nililala nikiwa tayari niko chuoni. Asubuhi mikono ilikuwa imevimba, malengelenge hadi kwenye viganja, na nilipoingia sebuleni nikaweka kipande cha mninga na kugonga, sauti ilikuwa kama ya kugonga jiwe. Nikagonga tena. Mafuta yale yalikuwa yameganda. Hayakulainisha chochote, yalikuwa yamepenya kila mahali palipokuwa na nafasi, yakapata moto, yakageuka kitu kigumu, cheusi, kinachong'aa, na kuishika pistoni vizuri kuliko kutu ilivyowahi kuishika. Nimekuja kujua baadaye kwamba kuna viwanda vinavyotumia mafuta hayo hayo kutengenezea vitu vya kushika na kubana, kama breki. Ningekwambia mimi, bila kiwanda.

Mjomba alirudi jioni hiyo. Hakuhitaji tochi, harufu ilikuwa inamngoja mlangoni. Alivua kofia ya safari, akachuchumaa, akakwaruza kwa kucha, akanusa kucha. "Nani kamwaga mafuta ya maganda humu?" Nilikuwa nimejifunga kanga hadi kwenye vidole. Nikasema, "Sijui, mjomba." Ndivyo nilivyosema. Mtu wa miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba ambayo mwaka ule, Zuhura akiwa shule ya bweni, ilikuwa na watu watatu, mmoja wao safarini. Alinitazama, akaitazama kanga, na sikuona hasira kwenye uso wake, ningeiona ningepumua. Alionekana kuchoka tu. "Haya," akasema. Alipoinuka magoti yalilia. "Mwambie Mama Zuhura akupe mafuta ya nazi upake, na uvae mikono mirefu mpaka ngozi ikauke. Kukicha watu wa bondeni wanakuja."

Walikuja, Bwana Issa na wengine sita, mawingu yakiwa yameshashuka. Wote wakaingia sebuleni, wakaizunguka ile injini. Mimi nilisimama mlango wa uani na blauzi ya mikono mirefu ya shule, jasho linanitoka. Mjomba akawaambia wazi, kama mtu anayetaja jina lake. "Nimeiua mwenyewe. Nilichoka kungoja nikamwaga mafuta ya maganda ya korosho, nikaweka na moto. Nilidhani yatalainisha." Bwana Issa akauliza, "Wewe, Mfaume? Mafuta ya maganda?" Mjomba akasema, "Mimi." Wakaanza kucheka, kicheko cha watu ambao watalima kwa jembe la mkono kwa sababu yako, na nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mjomba akageuka akasema, "Somoe, wape watu maji." Nikaenda nikawaletea maji.

Mvua ilianza siku tano baadaye. Tulijaribu kuitoa pistoni kwa nyundo kubwa, silinda ikapasuka, na hapo ikawa imekwisha kabisa. Bonde lote lililimwa kwa jembe, nami nilikuwemo, naye mjomba alikuwemo, na kila tulipopumzika kulikuwa na wa kumwuliza kama muhogo wake nao anaupaka mafuta ya maganda. Walimwita Fundi Maganda. Aliitika. Yule kijana wa Kilambo alijibiwa, kama mjomba alivyoahidi, lakini alijibiwa hapana, wala sikuulizwa. Chuo hakikutajwa tena, maana trekta halikuguruma, na mjomba alikuwa mtu wa kushika neno lake hata pale ambapo neno lenyewe lilikuwa la kijinga. Nilimkasirikia kwa hilo miaka na miaka. Nilimkasirikia kwa ubishi wake, kwa mapigo yake kumi na mawili, kwa kuniacha na kosa ambalo siwezi kulilipa wala kulisema. Kama angenichapa siku ile tungekuwa sawa. Mwezi wa sita uliofuata, salfa ilipoanza tena, Bwana Issa alileta pampu yake ya kupulizia iliyogoma kuwaka. Hakumpelekea mjomba, nani angempelekea Fundi Maganda? Aliniletea mimi. Ikawaka. Wiki iliyofuata zikaja nne, msimu ule zikapita thelathini mikononi mwangu, na kutoka kwenye pampu hizo nikaenda kwenye pikipiki, na kutoka kwenye pikipiki nikafungua duka. Siku zote nilijiambia kwamba nimefika kwa mikono yangu mwenyewe, bila chuo na bila mjomba.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya kuanua tanga nilimpelekea mkaza mjomba uji chumbani alikokaa eda, nikakaa kwenye mkeka karibu yake, nikamwambia kwamba leo nitasimama mbele ya watu niseme nani alimwaga yale mafuta. Hakuacha kukoroga uji. "Unadhani sikujua? Marehemu Chiku alikuja kudai chupa yake siku ileile." Akanywa kidogo. "Nilimwuliza mjomba wako, kwa nini ujipake uchafu wa mtoto? Akasema, 'Mama Zuhura, wakijua ni yeye, hakuna atakayempa chombo akishike tena. Mimi nina miaka sitini, wakininyima itanipunguzia nini?' Basi. Ndilo alilosema, akalala." Nilianza kulia kwa hasira, kwa uchungu, nikapiga mkeka kwa kiganja kama mtoto. Akaningoja nimalize. "Hiyo kazi ya kukusitiri ameifanya maisha yake yote, na kila aliyemcheka amemsaidia kuifanya. Leo ukisimama utamwonyesha kuwa mwongo, na hajapoa kaburini. Nikifa na mimi, sema utakavyo."

Nilitoka uani na macho mekundu nikakuta watani wameshaanza. Kwetu msiba hauna adabu bila watani. Kazi yao ni kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, kila upungufu wake, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Mtani wetu Bi Sikudhani alikuwa amevaa koti la mjomba na kofia yake, amechuchumaa mbele ya kinu alichokilaza kiwe injini, ananusa kucha, anakohoa kama yeye, anawauliza wanawake, "Dizeli ya nini na mimi nina maganda?" Watu walikuwa wameshika mbavu. Aliponiona akaruka akanishika mkono. "Huyu hapa! Huyu alikuwepo! Somoe, kweli si kweli?" Uani kote wakageuka kunisikiliza. Nikasema, "Kweli. Nilimkataza mara tatu, hakusikia." Wakapiga vigelegele. Bi Sikudhani akanivalisha lile koti, akanipa chupa ya maji mkononi. "Basi mimi sijui, tuonyeshe wewe alivyomwaga." Nikachuchumaa kwenye kinu. Nikamwaga pole pole, nikizungusha pembeni, nikainama na kupepea moto usiokuwepo, na nyuma yangu wanawake wa Kitaya walikuwa wanalia kwa kucheka, wakisema ndivyo, ndivyo hasa, ndiye Mfaume huyo.